Shukrani ya Mezani



Mwezi wa mavuno ukifika, makanisa yetu hujaa. Huku Turiani, chini ya milima ya Nguru, watu huleta mpunga kwa debe na kwa kikapu, wengine miwa, ndizi, kuku, hata mayai yaliyofungwa katika kitambaa. Mbele ya madhabahu pananukia shamba, nayo kwaya huimba kwa nguvu. Ni vema, wala hatusemi neno la kuipunguza furaha ile. Lakini Sikukuu ya Mavuno ni siku moja, na mwaka una siku nyingine 364. Katika hizo zote twala, na mara nyingi twala kama watu waliojipa chakula wenyewe. Sala ya mezani twaisema, ndiyo. Lakini yaenda mbio, na mkono wa mtoto umekwisha kuingia katika sahani kabla ya Amina. (Tusimlaumu mtoto, amewaiga wakubwa wake.)

Martin Luther aliyajua mambo haya. Katika Katekisimo Ndogo aliyoitoa mwaka 1529, akilieleza ombi la nne la Sala ya Bwana, afundisha ya kuwa Mungu huwapa riziki watu wote, hata waovu, hata wasioomba. Neno hili humshangaza mwanafunzi wa kipaimara, naye huuliza: Basi kuomba kuna faida gani? Ajibiwe hivi, ya kwamba twaomba ili tuutambue mkono unaotupa, tupate kupokea kwa shukrani. Kwa hiyo shukrani si bei ya mpunga. Mvua haikunyesha kwa kuwa tuliimba vizuri mwaka jana, wala mafuriko hayakuja kwa kuwa fulani hakutoa sadaka yake. Waalimu wasifundishe hivyo kamwe. Kazi ya shukrani ni kufumbua macho.

Na macho yakifumbuliwa, yaona nini? Papo hapo Luther aihesabu riziki yetu, na hesabu yake ni ndefu kuliko tulivyotazamia. Chakula kimo, na nguo, na viatu, na nyumba, na shamba, na ng'ombe. Mna serikali njema pia, na amani, na afya. Na karibu na mwisho, majirani waaminifu. Jirani amehesabiwa pamoja na mkate! Wengi wetu tulilikariri neno hilo tulipokuwa vijana, tukalipita kama msafiri asiye na kiu apitavyo kando ya kisima.

Na tuitazame sahani moja ya wali. Mpunga wake ulinyweshwa na maji yatokayo katika misitu ya Nguru, ambako mawingu hukaa juu ya miti. Yalishuka mtoni, na huko Mkindo yakaongozwa kwa mfereji hata majarubani. Mtu alipandikiza miche ameinama, miguu yake katika tope. Mwingine aliamia ndege tangu alfajiri hata jua kuchwa, akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, maana ndege hawana Jumapili. Mwingine alivuna, mwingine alipepeta, mwingine alikwenda kutafuta kuni. Nacho kikombe cha maziwa kando ya sahani kimetoka wapi? Kimetoka kwa mama wa Kimasai aliyeamka gizani akakamua, kisha akayachukua maziwa yake kwa miguu mpaka mlangoni petu.

Hapa yatupasa kusema wazi. Bonde la Mgongola limegombaniwa miaka mingi na wakulima wa vijiji vyetu na wafugaji wa Kambala, kwa ajili ya mashamba, malisho na maji. Mwaka 2013 watu walikufa katika ugomvi huo. Kuamua mipaka si kazi ya gazeti la kanisa; wenye mamlaka na waiamue, na waiamue kwa haki. Wala hatumwambii mtu ambaye mpunga wake umeliwa na ng'ombe kwamba ashukuru kwa hasara yake. Hiyo ni dhihaka, naye ana haki ya kudai fidia. Vivyo hivyo mtu ambaye ng'ombe wake wamekatwa mapanga. Lakini twauliza neno moja. Je, mkulima aweza kumshukuru Mungu asubuhi kwa maziwa, na mchana akasema kilabuni ya kuwa wafugaji wote ni wezi? Je, mfugaji aweza kuubariki ugali, na kumdharau aliyelima mahindi? Afanyaye hivyo ameipasua riziki vipande viwili: kitu akakipokea, mtu akamkataa. Punda naye ana shukrani yake, nayo ni mateke.

Twasoma katika Luka, sura ya 17, habari za watu kumi wenye ukoma. Walisimama mbali pamoja, Wayahudi na Msamaria, watu wasiochangamana siku nyingine. Ugonjwa uliwafanya kuwa kundi moja. Wote kumi waliponywa, maana Bwana hakuirudisha zawadi yake kwa wale tisa waliokwenda zao. Lakini mmoja aliona ya kuwa amepona, akarudi, akaanguka miguuni pa Yesu. Naye alikuwa mgeni. Twajiuliza mara nyingi kama wale tisa walimkumbuka tena mwenzao Msamaria, wakiisha kuwa wazima. Shida iliwaunganisha, huenda afya iliwatenga. Nasi tumeyaona hayo kwetu: katika mwaka wa njaa watu huazimana hata chumvi, na ghala zikijaa kila mmoja hufunga mlango wake.

Basi twawaomba waalimu na wazee wa usharika jambo dogo. Jioni moja katika kila juma, kabla ya kula, baba au mama asimwambie Mungu "chakula hiki" tu, bali amtaje kwa jina mtu mmoja ambaye chakula kilipita mikononi mwake. Leo amtaje kijana aliyeamia ndege, juma lijalo yule aliyezibua mfereji. Wengi wataona ya kuwa jina la mama aletaye maziwa hawalijui, ingawa wamenunua kwake miaka mitatu. Basi ajapo asubuhi na dumu lake, aulizwe jina lake na hali ya watoto wake, kabla ya kuulizwa bei.