Mguu Umekwambia, Nawe Sema

Ndani ya Hiace iliyojaa abiria, mtu mmoja tu ndiye anayejua hali ya breki. Konda hajui, aliyekaa kiti cha mbele hajui, mama aliyempakata mtoto nyuma hajui. Anayejua ni dereva, na aliyemjulisha ni mguu wake wa kulia. Pedali iliyokuwa ikikamata juu sasa inashuka karibu na sakafu, inabonyea, haisimamishi gari mpaka aipampu mara mbili. Tangu siku hiyo dereva amebeba siri, na siri hiyo inahusu roho za watu waliolipa nauli wakimwamini. Wiki hii nataka tuzungumzie siri hiyo.

Vipanya vyetu vingi ni vya siku nyingi. Hiace za umbo lililotoka Japani mwaka 1989 bado zinapakia watu katika miji na vijiji vyetu, na zile za umbo la mwaka 2004 nazo zimeshakula chumvi. Simlaumu mtu kwa kumiliki gari kuukuu. Gari kuukuu likitunzwa linasimama vizuri, na riziki yake ni halali kama riziki ya gari jipya. Ninachokilaumu ni kujua na kunyamaza.

Kunyamaza huku hakuanzi kwa ubaya. Huanza kwa mazoea. Siku ya kwanza pedali ikizama dereva anashtuka. Wiki ikiisha, mguu umeshajifunza kuwahi: anapampu kabla hajafika kituoni, anaacha nafasi kubwa mbele yake, anasaidia kwa gia. Gari linasimama, naye anajiambia breki zipo. Kumbe kinacholisimamisha gari ni ujuzi wake wa kuuficha ugonjwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo chenyewe huenda kikawa cha mtu mwingine.

Tazama kinachotokea mchana. Dereva amechoka, anampa deiwaka funguo ili naye apate kula. Anamwambia mafuta yaliyobaki, trafiki wamesimama wapi, hesabu imefika ngapi. La breki halisemi, kwa kuwa kwake halikumbukwi tena kama tatizo. Yule kijana anaingia barabarani na mguu usiojua kitu. Mtoto wa shule akikatiza mbele yake, atakanyaga mara moja kama mtu yeyote anavyokanyaga, na pedali itakwenda chini. Kijana ataitwa mzembe, pengine atafungwa, ilhali aliyekuwa na habari yuko kwa mama lishe anamalizia chai. Mwanangu dereva, ukimwachia mwenzako gari bila kumwambia hili, umemtega.

Kusema nako kuna namna yake. Ukifika gereji usiishie kwenye "fundi, breki mbovu". Mweleze mguu ulichokihisi, maana pedali laini ina sababu nyingi. Ikiwa inapanda na kukaza ukiipampu, huenda kuna upepo ndani ya mabomba, au breki shuu za nyuma zimekaa mbali na dramu kwa kulika au kwa kutorekebishwa. Kuna ile inayokamata vizuri, lakini injini ikiwa imezimwa na ukaishikilia, inazama polepole. Hapo mafuta yanatoroka mahali. Chungulia upande wa ndani wa kila tairi na ufuate mabomba yote. Kama hakuna unyevu, raba za masta silinda ndizo zilizochoka, mafuta yanapita ndani kwa ndani. Kwa upande mwingine, pedali kushuka kidogo pale injini inapowashwa ni jambo la kawaida, ndivyo sevo inavyofanya kazi. Fundi asikuuzie masta silinda kwa ajili hiyo.

Iliyo hatari kuliko zote ni ile pedali iliyo nzima asubuhi na kupotea mteremkoni. Chukua barabara ya Lushoto kwenda Mombo. Ni kilomita 33 hivi za kona baada ya kona, na tofauti ya kimo kati ya miji hiyo miwili inakaribia mita elfu moja. Kipanya chenye abiria na mizigo kina tani mbili na nusu au zaidi. Nguvu ya kushusha uzito huo kutoka kimo hicho, ikigeuka joto yote, inatosha kuchemsha maji ya ndoo nne za lita 20. Dereva anayeshuka kwa gia ndogo huiachia injini sehemu kubwa ya kazi. Anayeachia gari liserereke huku amekanyaga breki anaupeleka moto wote kwenye disiki na dramu, na kutoka hapo kwenye mafuta ya breki.

Mafuta hayo yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, hata kama kikopo kimefungwa. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi nyuzi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, kwa hiyo mguu unasukuma mvuke badala ya kusukuma breki. Gari likipoa pedali inarudi, na dereva anaamini lilikuwa jambo la kupita. Mafuta ya breki yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili, hata kama kikopo kimejaa.

Kwako fundi, nina neno zito kidogo. Najua silinda ya tairi ikivuja kuna njia ya mkato: kulikunja bomba la tairi hilo na kuligonga nyundo mpaka lizibe, kisha gari likatoka na breki za matairi matatu. Najua pia wapo wanaojazia maji ya sabuni, au mafuta ya usukani, ambayo huvimbisha raba za mfumo mzima na kuziharibu. Tajiri anaweza kukuomba ufanye hivyo ili gari liwahi barabarani. Kataa. Mkono uliolikunja lile bomba ni wako, na hakuna abiria aliyekuruhusu.

Kazi yenyewe wala si ya ajabu. Rekebisha kwanza breki shuu za nyuma mpaka ziguse dramu kidogo, halafu anza kutoa upepo kwenye tairi la nyuma kushoto, ambalo kwenye magari yetu ya usukani wa kulia ndilo lililo mbali zaidi na masta silinda. Nenda nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Kikopo kisikauke hata mara moja, la sivyo unaanza upya. Weka kipande cha ubao chini ya pedali ili msaidizi wako asiikanyage hadi mwisho, kwani kwenye masta silinda kuukuu raba zikifika mahali ambapo hazijazoea kupita, penye kutu, zinachanika, na gari linatoka bovu kuliko lilivyoingia. Mafuta yaliyotoka yamwage, usiyarudishe.

Lakini mzigo mkubwa nautua kwa tajiri. Dereva wako ananyamaza kwa sababu anajua akitamka neno breki gari litalala gereji, na siku hiyo hana chake. Pengine hesabu ya siku hiyo utamwandikia deni. Kwa utaratibu huo umeununua ukimya wake, na hutaweza kusema hukuambiwa. Tenga fungu la matengenezo kabla ya kula faida, na mpe ahadi mbele ya konda wake kwamba siku gari linapotengenezwa breki hutamdai hesabu, wala hutampa mtu mwingine gari kwa kuwa yeye alisema ukweli.

Tajiri unayesoma haya, mpigie dereva wako jioni hii. Muulize pedali inakamata wapi, na kama anapampu. Akikwambia inazama, mshukuru, kisha mwambie kesho gari lisitoke.