Ijumaa ya Nani?
Alhamisi saa mbili usiku Zanzibar ni saa sita mchana Toronto majira ya baridi, saa saba majira ya joto, kwa kuwa Toronto husogeza saa mbele na Zanzibar haisogezi. Hesabu hiyo nyepesi. Kigumu ni jina la siku. Simu ya Zanzibar na ya Toronto zote mbili zinaandika Alhamisi. Lakini kwa Mwislamu wa Zanzibar jua limeshakuchwa, na usiku huo tayari ni wa Ijumaa. Nduguye wa Toronto bado yumo Alhamisi, mchana kweupe. Kwa upande wa saa za dunia, mkutano wa Washington wa 1884 uliteua Greenwich kuwa mwanzo wa longitudo. Lakini Magharibi ya swala haukuigusa: hiyo hufuata jua la mahali. Anayepanga kisomo cha pamoja kwa simu usiku wa Ijumaa hana budi aseme kwanza ni Ijumaa ya nani.