Lafudhi ya Mzee Ojwang'

Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu. Hilo ukilisema Nyalenda, Kisumu, mbele ya watu waliokua wakitazama Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha KBC ya Kenya, huenda wapo watakaokubishia, kwa kuwa wao walimjua kama Mzee Ojwang', na Ojwang' angetoka wapi kama si kando ya ziwa? Mkewe wa runingani, Mama Kayai, naye ni Mary Khavere, Mluhya. Nyumba ya Kijaluo iliyojulikana sana nchini, wenyewe wote wawili hawakuwa Wajaluo.

Tumezoea kumpima mwigizaji kwa wingi wa sura zake: leo anachekesha, kesho analiza. Kwa kipimo hicho Wanjau, aliyefariki Julai 2015 akiwa bado Ojwang', ni mwigizaji mdogo. Mimi nashuku kipimo chenyewe.

Mtazame Leslie Nielsen wa Kanada. Kwa takriban miaka 30 alikuwa mtu wa michezo mizito. Katika The Poseidon Adventure ya 1972 ndiye nahodha wa meli inayopinduliwa na wimbi. Mwaka 1980 akaingia Airplane! kama daktari, uso uleule mkavu, sauti ileile nzito, na watu wakavunjika mbavu. Hakuongeza hata mkunjo mmoja usoni. Yaliyogeuka ni yaliyomzunguka. Kama ni hivyo, kicheko na kilio havikai kwa mwigizaji. Vinakaa mahali aliposimama na machoni pa wanaomtazama.

Hapo ndipo Ojwang' anapotisha. Lafudhi yake ya Kijaluo, iliyochekesha jioni, ilikuwa na kazi nyingine Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Kisumu, maduka ya Wakikuyu yaliporwa na kuchomwa, wenyewe wakikimbilia vituo vya polisi. Naivasha, Wajaluo waliuawa. Mweke mzee yule barabarani mwezi huo: Kisumu angeponzwa na jina alilozaliwa nalo, Naivasha angeponzwa na sauti iliyompa umaarufu. Maneno yaleyale, mdomo uleule, na hakuna ambaye angecheka.

Atakuja mtu aseme kwamba alikuwa akiwadhihaki Wajaluo tu. Sikubali, ingawa nakiri kuna waigizaji wengi wa namna hiyo. Mwenye dhihaka hurusha neno kisha hukimbilia kwao. Wanjau hakurudi, alizeekea humohumo, hadi jina la kupanga likalifunika la kuzaliwa.

Sidai kwamba runinga ingezuia moto. Watu huweza kumpenda mtu jioni na kumfukuza jirani yake asubuhi. Lakini kwa miaka mingi walimkubali Mjaluo aliyetengenezwa kwa kujifunza: kutega sikio, kuiga, kurudia. Kisha kura zikahesabiwa, na ghafla ikadaiwa kwamba ujaluo na ukikuyu viko damuni, havifundishiki. Asili ya Wanjau haikuwa siri, magazeti yaliiandika. Walioisoma waliendelea kumwita Ojwang'.