Msafiri na Hesabu ya Njia Yake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Wake Muhammad, Aali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo: safari ina mambo matatu yaliyofungamana, nayo ni umbali, mwendo na wakati. Umbali ukigawiwa kwa mwendo, hutoka wakati. Hesabu hii hufundishwa watoto skuli, lakini ampasaye zaidi ni baba wa nyumba kabla hajatia gari moto, kwa ajili ya Sala yake na roho alizozipakia.

Katika madhehebu ya Ibadhi, kiwango cha safari ni farsakh mbili, yaani takriban kilomita 12, zinazohesabiwa kutoka mwisho wa majengo ya mji wa mtu, si kutoka mlangoni kwake. Dalili yake ni kwamba Mtume (s.a.w.) alisali Adhuhuri Madina rakaa nne, kisha akasali Alasiri Dhul-Hulaifa rakaa mbili. Aendaye kwa miguu, kilomita 5 kwa saa, huzimaliza farsakh hizo kwa saa mbili na dakika 24. Mwenye gari, kwa kilomita 100 kwa saa, huzimaliza kwa dakika saba na kitu. Mmoja jasho linamtiririka, mwengine kahawa yake haijapoa. Na hukumu yao ni moja.

Huenda mtu akasema: “Safari ya leo haina taabu, basi kupunguza Sala ni kwa nini?” Jawabu ni kuwa hukumu imefungwa kwa safari, haikufungwa kwa taabu. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya kupunguza hali ya kuwa watu wamo katika amani, alibainisha kuwa hiyo ni sadaka ya Mwenyezi Mungu kwa waja Wake, na akaamrisha ipokelewe.

Mtu atokaye Maskati kwenda Nizwa, kiasi cha kilomita 160, akienda kilomita 100 kwa saa atafika kwa saa moja na dakika 36. Akienda 120, atafika kwa saa moja na dakika 20. Faida yake ni dakika 16. Na kwa dakika hizo, masafa ambayo breki huyahitaji kulisimamisha gari yamezidi kwa karibu nusu. Akidai kuwa anaiwahi Magharibi, basi ameiacha ruhusa na kuikumbatia hatari. Kwani msafiri anaruhusiwa kuichelewesha Magharibi na kuijumuisha na Isha, rakaa tatu na mbili, naye amefika salama.

Lakini ruhusa haimtaki mtu awe mzembe. Anayeiakhirisha Adhuhuri ili aijumuishe na Alasiri asihesabu kwa mwendo wa juu kabisa uliooneshwa na mshale. Ahesabu na kusimama kutia petroli, na mtoto aliyeomba maji, na msongamano wa magari. Asipofanya hivyo, jua litamchwea njiani na Sala mbili zingali shingoni mwake.

Iko safari moja ambayo hakuna awezaye kuipigia hesabu. Siku zake zinakwenda kwa mwendo mmoja, na umbali uliobaki anaujua Mola peke Yake. Mwenye akili huisali kila Sala kwa wakati wake, asije akafika kabla hajajitayarisha.

Wabillahi Tawfiq.