Moshi Wenye Leseni

Mwaka 1822 Mfalme George IV alizuru Edinburgh, na inasimuliwa kwamba aliomba wiski ya Glenlivet, iliyopikwa kwa magendo. Mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria mpya: lipa leseni ya pauni 10 na kodi kwa kila galoni, kisha upike kwa amani. George Smith alikata leseni mwaka 1824. Majirani zake wa magendo walimwona msaliti, akawa anatembea na bastola mbili. Leo kiwanda chake ni fahari ya Uskoti.

Kwetu Tukuyu mvuke huohuo unaitwa gongo. Kilichochacha huchemshwa, kilevi hutangulia kupanda kabla ya maji, hupita kwenye bomba lililopozwa, kikadondoka. Tangu Sheria ya Moshi ya 1966, mama anayepikia migombani bila leseni ni mhalifu, hata kama ndiyo ada ya mwanawe.

Je, kosa liko kwenye kinywaji au kwenye karatasi?

Utaniambia gongo inapofusha na kuua. Ni kweli. Lakini hata Uskoti matone ya kwanza hutengwa, hayanywewi. Tofauti ni kwamba mpishi wa kule hukaguliwa mchana kweupe. Anayejificha polisi hawezi kumwita mkaguzi. Kwa hiyo sehemu ya sumu tunayoilaani imetokana na kificho tulichokilazimisha wenyewe.

Hata hivyo leseni nayo haitakasi. Viroba vilikuwa halali na vililipa kodi, vikaumiza vijana hadi vilipopigwa marufuku Machi 2017. Siku moja kabla ya marufuku havikuwa na madhara pungufu.

Wazee wa Kinyakyusa walikuwa na kipimo kingine. Kimpumu, pombe ya ulezi, ilinywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, watu wakizungumza. Waliuita ushirika huo ukwangala, na Monica Wilson aliufanya kiini cha kitabu chake cha 1951 kuhusu Wanyakyusa. Kipimo hicho hakiulizi nani ana leseni. Kinauliza: kinywaji hiki kinamleta mtu kwa wenzake, au kinamwondoa kwao?

Sidai kila mtungi uhalalishwe kesho. Nadai swali moja kwa wote. Tukimuuliza mama wa migombani, tumuulize pia mwenye kiwanda, na yule anayeinua glasi ya wiski hotelini akiiita utamaduni.