Usumbufu Uliojitokeza

Kutoka nyumbani kwetu Olasiti hadi Uwanja wa Ndege wa Arusha, kule Kisongo, ni safari fupi ya bajaji. Nimekua nikisikia ndege ndogo zikipita juu ya bati letu, zikipeleka watalii Serengeti na Zanzibar. Sikuwahi kudhani kuwa siku moja nitakuwa na haja kubwa na mojawapo.

Mjomba alifariki usiku, Unguja. Mazishi yalipangwa baada ya swala ya adhuhuri. Ndugu wakachanga, tukapata tiketi mbili za ndege ya saa tatu asubuhi. Mimi nilitaka kushika jeneza. Mama alitaka jambo dogo zaidi: kumwona kaka yake uso kabla hajafunikwa.

Tukiwa tumeshafika uwanjani, ujumbe ukaingia kwenye simu yake. Safari imefutwa, tutaondoka kesho. "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Mama hakuwa na miwani, nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Umejitokeza wenyewe?"

Swali hilo sijalimaliza hadi leo. Sentensi ile tumeizoea mno: umeme ukikatika, maji yasipotoka, kikao kikiahirishwa. Haina mtenda. Usumbufu umeota kama uyoga, na anayeomba radhi amesimama pembeni akiushangaa pamoja nasi. Kiswahili kina neno la mtu wa pembeni, nalo ni pole. Pole hutolewa na yeyote, hata asiye na kosa. Fidia hutolewa na mwenye deni tu.

Lakini je, tulikuwa tunadai? Tulilipia kufika Unguja, na kesho yake tulifika Unguja. Kwa hesabu hiyo hakuna deni. Ila hakuna anayenunua mahali tu. Tulinunua Unguja kabla ya adhuhuri, na hiyo hatukuipata. Hata kurudishiwa nauli si kufidiwa, kwa sababu anayekurudishia kilicho chako hajakulipa kitu. Desemba 2018, Fastjet iliposimamisha safari zake, wenye tiketi walitangaziwa kurudishiwa fedha. Fedha ya tiketi hurudi. Krismasi ya nyumbani Moshi hairudi.

Hapa kwetu lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, ambako abiria anaweza kupeleka malalamiko yake. Ulaya wamekwenda mbali zaidi. Sheria yao namba 261 ya mwaka 2004 inaweka viwango maalumu: euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali, ndege ikifutwa bila taarifa ya wiki mbili na bila sababu iliyo nje kabisa ya uwezo wa kampuni. Inazigusa hata ndege za kampuni za Ulaya zinazokwenda huko. Kwa hiyo anayepanda KLM pale KIA kwenda Amsterdam analindwa nayo. Anayepanda ndege ya Kisongo kwenda kumzika kaka yake, halindwi nayo.

Mwanzoni viwango hivyo viliniudhi. Aliyekosa maziko na aliyekosa siku moja ufukweni wanalipwa sawa! Baadaye nikawakumbuka wazee wa Kiarusha, wenyeji wa miteremko hii ya Meru, ambao tangu zamani wamekuwa wakimaliza magomvi kwa mifugo na pombe. Mbuzi si bei ya tusi. Hakuna anayedai kwamba heshima ya mtu ina uzito wa kilo kadhaa za nyama. Mbuzi anasema: ni mimi niliyefanya.

Na kama hakuna aliyefanya? Aprili 2010, majivu ya volkano ya Eyjafjallajökull kule Iceland yalifunga anga la Ulaya, na maua ya Kenya yakaozea maghalani. Volkano haina wa kulaumiwa. Hata hivyo, mwaka 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kampuni bado ilipaswa kuwapa abiria waliokwama chakula na malazi. Naona haki hapo. Fidia hufuata kosa, lakini kumtunza mtu aliyejiweka mikononi mwako hakusubiri kosa. Sisi hatukuambiwa hata kama ni volkano au ni uzembe. Tulisomewa sentensi tu.

Ningeishia hapo nikiwa na hasira safi, kama nisingefungua simu yangu. Kwa utafiti wangu wa shahada ya uzamili, niliwahi kuwaita akina mama kumi na wawili wa magenge ya Olasiti tuzungumze. Msimamizi wangu akaniita chuo ghafla. Kwenye kundi la WhatsApp niliandika: "Samahanini kwa usumbufu uliojitokeza." Walikuwa wameshafunga magenge.

Nikaenda genge kwa genge. Kwa kila mmoja nilisema, "Siku ile niliwapotezea mimi." Wengi walicheka, wakasema yameisha. Mmoja hakucheka.

"Nilitupa mafungu matatu ya mchicha," alisema, akanyoosha mkono. "Elfu moja na mia tano."

Nikampa. Akazihesabu, akazifunga kwenye ncha ya khanga, akanisogezea kigoda.

"Haya mwanangu, kaa. Uliza maswali yako."