Aibu ya Kujikinga

Miongoni mwa glavu za besiboli zinazothaminiwa sana na wakusanyaji ni zile za kale: ngozi nyembamba, ncha za vidole zimekatwa. Mwaka 1875, huko Marekani, Charles Waite alivaa yenye rangi ya mwili wake, watazamaji wasiione; mwanamume alitarajiwa kudaka mpira kwa mikono mitupu. Mwaka 1877 Albert Spalding, mchezaji mashuhuri, alivaa nyeusi waziwazi. Wengine wakafuata.

Nami, nilipokuwa mwalimu, niliificha miwani mfukoni, nikamwadhibu mwanafunzi kwa kosa ambalo halikuwamo daftarini. Haya ya Waite haikumdhuru mtu. Yangu ililipwa na mtoto. Mficha uchi hazai. Ushujaa, basi, ni kukubali kuonekana kwamba tunahitaji kinga.